Jengo Langu Linalotunza Mazingira

Jumatatu, 3 Machi
Halmashauri inatafuta jengo la mfano: litunze mazingira, kodi iwe nafuu, wapangaji watendewe haki. Mshindi atapewa kiwanja. Si ndilo jengo langu hilo! Ngazi hazina taa, kwa hiyo hatupotezi umeme. Maji hutoka kwa nadra, kwa hiyo hatuyamwagi. Haki nayo ipo: yakikatika, yanakatika kwa wote. Kikwazo ni shemeji tu, kaka wa mke wangu, ambaye naye ameshindanisha jengo lake hapo ng'ambo ya barabara. Kila chumba cha kwake kina dirisha kubwa. Upepo unaingia na kutoka bila kulipa chochote. Ushamba mtupu.

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima miche kwa muuza maua, nikaipanga juu ya paa. Bustani hiyo. Mbao kadhaa nimezipaka rangi nyeusi, nikazielekeza juani. Mke wangu akauliza ni za nini. Umeme wa jua, nikamwambia. Akauliza umeme wenyewe uko wapi. Kuna watu hawana maono.
Mama Pacha wa chumba cha chini, kile kisicho na dirisha, nimemwomba azungumze na wakaguzi wa halmashauri. Akaahidi kusema ukweli. Nikamshukuru. Mjinga mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Wakaguzi wamekuja. Mwenyekiti wao, mama mpole wa miwani, alipanda ngazi akipapasa ukuta. Nikamweleza kwamba giza ni ubunifu. Kule juu tukamkuta muuza maua anabeba miche yake, amepata mteja. Mwenyekiti akagusa ubao, akatazama kidole. Cheusi.
Kisha akaingia kwa Mama Pacha, wakakaa humo kitambo. Alitoka jasho linamchuruzika. Akaniuliza, "Wewe mwenyewe unaweza kulala humu?"
Nikamjibu kwamba mimi si mpangaji. Nilidhani nimejibu vizuri.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kashinda. Mama Pacha kahamia kwake. Mke wangu naye kafungasha, kasema anakwenda kwa kaka yake kupumua. Nilidhani ni utani.

Jumanne, 11 Machi
Nimemfuata mke wangu, mkia nimeufyata. Shemeji hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alinipa ufunguo wa chumba, akasema, "Karibu nyumbani, shemeji."
Jioni tumekaa barazani, upepo unatupuliza, mke wangu kanishika mkono. Ni siku nyingi hajafanya hivyo. Machozi yakanilengalenga. Nikalitazama baraza lile, pana, safi, halina kazi yoyote. Ukipiga mbao katikati wanaingia wapangaji watatu, na madirisha hayahitajiki. Kesho nitamshauri shemeji. Bure kabisa, maana ni ndugu.