Barafu ya Jelmerterp na Zile Siku Zenu Mbili

Jelmerterp, Jumapili, mvua inanyesha

Kwa Mkuu wa Idara ya Malalamiko,
Ofisi ya Usajili wa Majina ya Tovuti

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Mimi ni Gerlof Bootsma, msimamizi wa barafu wa Klabu ya Kuteleza ya Jelmerterp, mwaka wa thelathini na moja sasa. Kazi yangu ni kutoboa barafu ya mfereji wetu, kupima unene wake, na kutangaza kama watu waruhusiwe kuteleza. Kwa miaka tisa sikutangaza chochote, maana barafu haikuja. Wiki hii ilikuja, ikakaa siku mbili na nusu, ikaenda zake. Hakuna mtu wa Jelmerterp aliyeteleza juu yake hata hatua moja, na waliosababisha ni ninyi. Naandika kwa heshima zote, lakini damu inanichemka.

Kwanza mnielewe. Kanuni ya 14 ya klabu, niliyoiandika kwa mkono wangu, inasema barafu haijafunguliwa mpaka tangazo la msimamizi lionekane kwenye tovuti. Niliiandika kukomesha uvumi wa pale kwa mwoka mikate. Tovuti hiyo ilikuwa inakaa kwenye mashine za shemeji yangu Wiebren, kaka wa mke wangu Tjitske, mpaka Novemba, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Tjitske, aliposema mbele ya keki na wageni kumi na wanne: "Gerlof, bila mimi hiyo klabu yako hata haijulikani ilipo." Nikacheka pamoja na wenzangu. Jumatatu yake nikakodi seva yangu mwenyewe, nzima, isiyo na mpangaji mwingine. Alhamisi iliyopita, baridi iliposhuka nyuzi nane chini ya sifuri, nikaihamisha tovuti, ili tangazo la kwanza baada ya miaka tisa litoke kwangu na si kwake. Wiebren akafunga upande wake kama nilivyomwagiza. Ndipo nilipokutana na fomu yenu ya kuandikisha makao mapya ya tovuti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fomu inataka seva mbili za majina. Seva ya majina, kama mnavyojua, ndiyo inayojibu mtu akiuliza tovuti fulani iko wapi. Sasa mbili za nini? Jelmerterp ina msimamizi mmoja wa barafu. Kila mwaka kwenye mkutano mkuu Wiebren husimama kupendekeza naibu, na kila mwaka namuuliza huyo naibu atapima barafu ipi ambayo mimi sijaipima. Swali hilohilo naliweka mezani kwenu.

2. Ilinibidi nitii. Nikaandika seva mbili zenye majina mawili, zote ndani ya mashine yangu moja. Fomu ikakubali, ila ikaweka alama ya njano, na maneno kwamba ingefaa ya pili ikae mahali pengine, kwa mtu mwingine, ili moja ikikwama nyingine ijibu. Alama hiyo imeniuma. Mimi nikiwa nyumbani ni Gerlof, nikiwa mferejini ni Msimamizi, na hakuna aliyewahi kuniwekea alama ya njano. Wiebren alijitolea mashine yake iwe ya pili, bure. Nikamwambia ahsante, najitosheleza.

3. Seva hizo nilizipa jina la klabu yenyewe. Fomu ikataka na namba ya anwani ya mashine yenyewe, eti kwa sababu anayeitafuta klabu lazima aiulize seva, na anayeitafuta seva lazima kwanza aipate klabu. Niliisoma mara nne. Tjitske aliisoma mara moja, akasema ni kama mimi na miwani yangu, siioni mpaka niivae. Sikuwa nimemwomba maoni.

4. Baada ya jasho lote hilo mkaandika: "Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi siku mbili kuenea." Siku mbili! Ijumaa saa nne asubuhi nilitoboa mashimo sita, yote sentimita kumi na moja. Nikakimbia nyumbani na miaka yangu sabini na miwili, nikafungua tovuti, hamna kitu. Saa tano hamna. Saa sita nikawapigia simu. Akapokea Bi Marloes, mpole kweli, akasema: "Bwana Bootsma, huku kwetu inafunguka vizuri tu." Nikamwambia hongereni sana, lakini huko kwenu hakuna mfereji. Ukurasa wenyewe ulikuwa tayari tangu Alhamisi, na picha ya mbwa wetu juu.

5. Sasa madhara. Kutoka dirisha la jikoni niliwaona watu wakija ukingoni na viatu vya kutelezea shingoni, wanatazama simu zao, wanatikisa vichwa, wanarudi makwao. Mwoka mikate alinijia mlangoni kuuliza wangoje mpaka lini. Nikamwambia aangalie tovuti. Akasema ameshaangalia. Nikamwambia aendelee kuangalia, kosa si letu. Lita arobaini za supu ya njegere zilizopikwa na kamati zililiwa na kamati. Na mjukuu wangu Jildou, mwenye miaka saba, ambaye hajawahi kuuona mfereji umeganda, alishinda Ijumaa nzima juu ya kile kiti cha jikoni ambacho mama yake alijifunzia kuteleza kwa kukisukuma. Amevaa glavu, ananitazama. Jumamosi Wiebren alimchukua akampeleka Oudewier, kijiji cha jirani, ambako tangazo hupigiliwa msumari mlangoni. Akarudi anajua kuteleza. Alijifunza kwa kusukuma kiti cha watu wengine. Hilo siwasamehe.

6. Kwa hiyo naomba zile siku mbili ziwe saa moja. Mkishindwa, muwe mnaiarifu baridi kwa maandishi ili isubiri. Mkishindwa na hilo, mtuletee barafu nyingine, mita mia tatu, unene usiopungua sentimita kumi, kabla ya Jumatano. Jumatano ndiyo mkutano mkuu, na Wiebren amepeleka jina lake kugombea nafasi yangu. Mtume pia ofisa mmoja aje asimame mbele ya wanachama akiri kosa. Kahawa itakuwepo, na biskuti mojamoja.

Nisalimieni ofisi nzima, na hasa Bi Marloes, ambaye kosa lake ni kuajiriwa nanyi tu. Tjitske anawasalimu, ingawa anasema nisiitume barua hii. Mbwa hajambo.

Wenu mwenye uchungu lakini mwenye adabu,

Gerlof Bootsma
Msimamizi wa Barafu (wa pekee)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha Wiebren alipoingia na Jildou. Nikamwonyesha kompyuta, ajionee. Alikichomoa kisanduku cha intaneti ukutani, akahesabu hadi kumi, akakichomeka tena. Tovuti ikafunguka. Kumbe kisanduku changu ndicho kilichong'ang'ania anwani ya zamani. Kijiji kizima kilikuwa kinaiona tangu Alhamisi jioni, na imefunguliwa mara mia nne na kumi na mbili. Wote walisoma maneno niliyoyaandika Alhamisi asubuhi chini ya picha ya mbwa, ambayo sikuyabadilisha kwa kuwa niliamini hakuna anayeyaona: "Barafu bado haijafaa. Mtu asikanyage. Subirini neno langu."

Wakasubiri. Jildou, ambaye ndiyo kwanza anajua kusoma, aliyasoma kwa sauti, kisha akaniuliza: "Babu, kwani hapakuwa na mtu mwingine wa kutuambia?"

Malalamiko ya kwanza mpaka ya sita naomba myafute. Seva ya pili iandikeni ya Wiebren. Namba yake ameiandika mwenyewe nyuma ya karatasi hii. Na huyo ofisa wa Jumatano msimtume, nitakiri mwenyewe.