Uvimbe wa Lumbesa

Kwa furaha kubwa natangaza kwamba Kamati ya Kuoanisha Vipimo vya Uvimbe wa Ndani ya Jicho imezinduliwa rasmi, kwa keki. Mimi, Bibi Candida wa Msimbazi, niliteuliwa kuwa jicho la mfano. La kushoto. Sophia wa mapokezi alinipa kiti chenye mto na kipande cha keki chenye ua.

Ultrasaundi ilisema uvimbe wangu ni milimita sita. Picha ya mashine ya pili ikasema tano.

"Mwenyekiti, ultrasaundi imepima pamoja na ukuta wa jicho," alieleza Daktari Ummy, binti mpole. "Tofauti ni ndogo. Tumtibu bibi kabla jicho halijapotea."

Mwenyekiti Heriel alipandishwa cheo kutoka sokoni Kariakoo, alikokuwa akikamata magunia ya viazi yaliyojazwa kupita mdomo. Alisimama.

"Kumbe mnapima na gunia lake! Hiyo ni lumbesa!"

"Mzee, jicho si viazi."

"Hata wenye viazi huanza hivyo hivyo."

Ikaazimiwa kwamba mgonjwa yeyote asitibiwe mpaka vipimo viwili vilingane. Niliendelea kuhudhuria. Vipimo vyangu vilipanda vyote viwili, kwa nidhamu, bila kukutana. Ukungu ulipoingia jichoni, Hamis wa mkokoteni aliacha mzigo wake katikati ya barabara, huku akipigiwa honi na kutukanwa, ili anivushe.

"Shikamoo bibi. Wamekutibu?"

"Marahaba, baba. Bado wako kikaoni."

Siku waandishi wa habari walipoalikwa kuona mafanikio, mwenyekiti alikaa mwenyewe kwenye mashine, akatabasamu kuelekea kamera. Daktari Ummy akatazama. Akatazama tena. Akaomba na picha.

"Mzee, kuna uvimbe."

Tabasamu likaondoka. "Mkubwa?"

"Kwa kipimo kipi?"

"Chochote! Na gunia, bila gunia, nitibu leo!"

"Havijalingana, mzee. Hii ni lumbesa."

Azimio lilifutwa hapo hapo, mbele ya kamera, bila kikao wala keki. Mwenyekiti akainuka mbio kwenda chumba cha matibabu. Sophia alikuwa amesimama mlangoni.

"Karibu, mzee. Tunaanza na bibi."

Nilimwonea huruma, jasho lilikuwa likimtoka. Nikamwachia kiti changu chenye mto.

"Kaa, baba," nikamwambia. "Foleni sasa inaenda."