Kisanduku cha Njia na Mume Mpya

Jumanne, 4 Juni

Mume wangu amezaliwa. Leo saa nne asubuhi, kilo tatu na robo. Hana jino hata moja, sawasawa na yule wa kwanza alivyomalizia. Ni kitukuu wangu wa kwanza, mtoto wa mjukuu wangu, na kila bibi anajua: mtoto wa kiume wa ukoo ni mume wa bibi.

Tatizo, mabibi ni wawili. Mimi nilimzaa mama wa mjukuu, mwenzangu alimzaa baba. Mwenzangu huyo namwita Bi Simu, kwa kuwa ana simu inayosema njia na haachi kuitoa, hata akienda kununua chumvi duka la pili. Ametangaza kwamba yeye ndiye atakayempakata mtoto kwanza. Nimemwambia mke mkubwa ni mimi. Akasema mke mkubwa ndiye huzeeka kwanza.

Mkwe wangu, ambaye ni mwanawe, atatupeleka Jumamosi kwa gari lake. Mjukuu amehamia mtaa mpya, mji wa pili, hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Mkwe akasema basi anayeweza kuonyesha njia akae mbele. Hapo ndipo penyewe. Milango ya nyuma ya gari lile haifunguki kwa ndani. Wa nyuma husubiri kufunguliwa kama kuku. Wa mbele anashuka, anaingia, anapakata.

Bi Simu akanyanyua simu yake. Mdomo wangu ukasema na mimi ninacho changu. Mdomo huu utanizika.

Ninacho kweli. Marehemu alikuwa dereva wa gari la mizigo, na kwenye kioo chake alibandika kisanduku cha kuonyesha njia. Ndani yake mna mwanamke. Akisema kulia, marehemu kulia. Akisema rudi, anarudi. Miaka sita alimtii bila swali, na mimi kumwomba abadili balbu ya jikoni nilisubiri mwezi. Kisanduku kimelala kwenye droo yangu ya nyuzi tangu tulipomzika. Nimekibonyeza. Kimya.

Jumatano, 5 Juni

Nimejaribu waya wa redio. Waya wa simu ya binti yangu. Waya wa mashine ya mkwe ya kunyolea ndevu. Hakuna ulioingia. Mdomo wa kisanduku ni wa kizamani, mpana juu, mwembamba chini. Waya wake mwenyewe nimeupata saa tano, umefungia robota la mapazia. Niliufunga mimi. Fundo zuri sana.

Nimechomeka. Hakuna taa. Nimechomoa, nimepuliza, nimechomeka. Nimekipiga kofi moja la upole. Nimekipiga la pili lisilo la upole.

Nimeshona miaka hamsini. Shule sikukanyaga, herufi nilizitoa kwenye majina ya wateja niliyobandika kwenye nguo zao. Lakini cherehani hakuna aliyenifundisha, na naifungua mpaka mifupa. Kitu kikikwama kina kiu. Nikatia matone matatu ya mafuta ya cherehani mdomoni.

Binti yangu akaingia tone la tatu likidondoka. Akauliza mama unafanya nini. Nikasema nakilainisha. Akasema umeme haulainishwi. Nikamwuliza nani alilainisha bawaba za mlango wake, na nani alimlainisha mumewe siku alipokuja kuposa, ameketi mkavu kama ubao, hajui amkie nani. Akatoka mkono mdomoni, akijizuia kucheka. Tone la nne nikatia kwa ajili ya heshima.

Bado kimya. Sasa kinateleza.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kwa fundi wa redio na simu. Mtu mzima, ana miwani mbili, moja machoni, moja kipajini. Akakinusa kisanduku. Akauliza nani amekikaanga. Nikasema kimekuja hivyo. Akanitazama kwa miwani ya kwanza, akashusha ya pili, akanitazama tena. Nikasema labda tone moja.

Alianza na waya. Akaugusa kwa kipimo chake chenye ncha mbili, nyekundu na nyeusi. Mzima. Fundo langu limesamehewa. Akajaribu chaja ya gari niliyoikuta drooni. Nzima. Akaangaza tochi mdomoni mwa kisanduku, akaguna kama daktari wa meno. Akanipa kioo cha kukuzia nione mwenyewe. Vumbi la nyuzi. Miaka yote ya droo yangu imeshindiliwa mle, na mafuta yangu yameligeuza utambi. Fundi akasema bibi, ungetia kiberiti ungepata taa bila chaja.

Akafungua mgongo, akachomoa betri kwanza, ndipo akachukua kibano. Vidole vyake vinene. Nikamwambia pisha. Nimefumua gauni za maharusi asubuhi ya harusi, kitambaa kisijue. Chuma alikikataza, akanipa kijiti. Nikautoa utambi wote, kipande kimoja, mrefu kama ukope. Akasafisha kwa spiriti na brashi ndogo. Akarudisha betri. Akachomeka.

Taa. Rangi ya chungwa, ndogo kama ufuta. Nimembusu fundi kwenye miwani ya kipajini.

Akasema nisishangilie bado. Betri imezeeka, haishiki chaji, kwa hiyo kitafanya kazi kikiwa kwenye waya tu. Na mdomo umelegea, kisitikiswe. Akaniambia nikae anionyeshe namna ya kuandika mahali ninapokwenda. Nikamwambia nimeishi na mwanamke wa humo miaka sita, hana jipya. Nilikuwa tayari mlangoni. Kuhusu malipo, suruali yake ilikuwa imekufa zipu, nilishamshonea mpya palepale. Tumemalizana.

Ijumaa, 7 Juni

Bi Simu amekuja kupeleleza. Anasema amekuja kunijulia hali. Hali yangu haijawahi kumnyima usingizi. Akakitazama kisanduku kikinywa umeme mezani, akasema kinapendeza, hata makaburi hupakwa chokaa. Nikampa chai.

Akaomba achaji simu yake. Kwake umeme umekatika tangu asubuhi, na kesho simu ina kazi ndefu. Nikasema karibu, chomeka nyuma ya kabati, pana nafasi. Akaizima kabisa ili ishibe vizuri. Akakaa saa mbili akinisimulia atakavyompakata. Mkono wa kulia kichwani, mkono wa kushoto matakoni, na wimbo ameshauchagua.

Dakika ya kwanza kabisa nilipita nyuma ya kabati nikazima swichi.

Najua ni dhambi. Ndogo, ya ukubwa wa swichi. Akaondoka ameitia mkobani bila kuiwasha, akinibariki kwa chai.

Jumapili, 9 Juni

Jana sikuandika. Leo naandika yote, kwa sababu Bi Simu naye anasimulia, na yeye hutia chumvi.

Tulimpitia kwake saa mbili. Nilikuwa mbele, mkanda nimefunga. Yeye akaingizwa nyuma kwa binti yangu, akasema haya, safari ni hatua, tutaona.

Nikachomeka kisanduku kwenye tundu la kuwashia sigara. Giza. Nikaubana mdomo wake kwa kidole gumba. Taa. Nikilegeza, giza. Basi nikakaa nimebana, kama mtu anayeziba bomba lililopasuka. Mwanamke akaamka. Maneno yote ya kigeni, lakini michoro ipo. Mkwe akauliza, mama, tunakwenda wapi. Nikaona picha ya nyumba, ndogo, ina paa. Mtoto mchanga yuko wapi kama si nyumbani. Nikaibonyeza. Mshale ukaelekea kulia.

Nilitoa amri safari nzima. Kulia mkwe. Polepole. Sasa kushoto, kushoto, hujui kushoto? Macho yangu hayakutoka kwenye mshale. Mkwe akakohoa, akasema mji wa pili ni upande wa magharibi, na sisi jua linatupiga usoni. Nikamwambia baba mkwe wako hakuwahi kumbishia mwanamke huyu. Bi Simu akasema ndiyo maana alikuwa anachelewa nyumbani. Binti yangu aligeukia dirisha, mabega yanamtikisika.

Baada ya saa moja na ushei, ikatokea bendera kisandukuni. Nje, lango jekundu. Nilishuka gari halijatulia. Nyuma yangu Bi Simu anagonga kioo afunguliwe. Nikasukuma lango. Mwanamke mmoja ameketi kibarazani na mtoto. Sikusalimu mtu, sikutazama uso wa mtu. Nikamnyakua, nikapiga vigelegele, nikamwambia mume wangu, mkeo nimefika, na nimefika wa kwanza.

Mume akacheka. Alikuwa na meno mawili. Na mzito. Nikajisemea kweli maziwa ya mjukuu wangu si mchezo, siku nne tu. Wazo hilo sikulimaliza. Mama wa mtoto alikuwa amesimama, akasema kwa adabu, shikamoo bibi, tukusaidie nini.

Nikatazama chini. Kwenye saruji ya kibaraza kuna vishimo vinne. Vya miguu ya cherehani. Cherehani yangu, miaka ishirini na miwili kwenye nyumba hii, kabla sijahamia kwa binti yangu. Lango limepakwa rangi, paa limebadilishwa, ukuta umeinuliwa. Vishimo ni vilevile.

Ile picha ya nyumba yenye paa, marehemu ndiye aliyeiweka iongoze hapa. Mtu ambaye angefika kwake hata akiwa amefumba macho. Na bado aliiweka. Mtoto wa watu akanivuta sikio, nikarudi.

Kumbe gari zima lilijua. Binti yangu aliitambua njia tangu kwenye mzunguko wa pili, akanyamaza. Anasema aliona jinsi nilivyokuwa nikikishika kile kisanduku, akaona aniache nifike. Mkwe naye alijua, akasema yeye hambishii mama mkwe. Na Bi Simu, alipokuwa anagonga kioo, hakutaka mtoto. Alitaka asikose kuona.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema mke mkubwa kapata mume mwingine, tena mwenye meno, sasa yule mchanga uniachie mimi. Kisha akatoa simu kwa madaha, ndiyo ituokoe, akaiwasha. Ikaonyesha betri nyekundu. Ikaaga.

Akasema haiwezekani, nimeichaji saa mbili nyumbani kwa huyu. Wote wakanigeukia. Nikavitazama vile vishimo. Binti yangu anaijua swichi ya nyuma ya kabati, na ananijua mimi. Akasema, mama. Neno moja, lakini lilikuwa refu.

Nikakiri. Nikajiandaa kwa lolote. Bi Simu akasema nimemvunja moyo: yeye angekuwa mimi angekata waya kabisa, swichi ni kazi ya waoga. Tukacheka mpaka mtoto wa watu akalia.

Mwenye nyumba ana roho nzuri, akatuchajia simu. Saa nzima na nusu tulikaa kwenye kibaraza changu tukipokezana mwanawe. Nilimsahihisha Bi Simu: mkono wa kichwani ni wa kushoto. Akasema yeye amelea saba. Nikasema na wote shingo zimepinda. Mkwe, ambaye ni mmoja wa hao saba, akaenda kukagua matairi.

Baadaye mimi nikawekwa nyuma. Adhabu halali. Tulipofika kwa mjukuu saa kumi, Bi Simu akashuka mbio na sandali moja. Mimi nikagonga kioo mpaka binti yangu, aliyekuwa nyuma nami, akajipenyeza mbele kwa huruma, akatokea mlango wa dereva akanifungulia kwa nje. Nikamkuta Bi Simu amesimama katikati ya sebule, mikono imening'inia.

Kwenye kochi, mtoto kifuani, ameketi mama mzazi wa baba yake mtoto. Ameletwa na mwanawe Jumanne, saa nane mchana. Siku nne anampakata. Katika hesabu zetu zote hatukumtia. Akatukaribisha kwa sauti ndogo, akasema karibuni wake wenzangu, mume amelala.

Tulimpata kwa zamu, kila mmoja baada ya kunawa mikono chini ya ulinzi wake. Wangu alikuwa mwepesi kama mkate wa asubuhi. Akafungua jicho moja, akaniangalia, akalifunga. Hivyohivyo alivyoniangalia yule wa kwanza, siku aliyoleta suruali nimpunguzie. Nimekubali.

Mjukuu wangu, amechoka, anang'aa, akauliza mlichelewa wapi. Nikasema foleni.

Alhamisi, 13 Juni

Habari mpya. Yule wa kochi anarudi kwake kesho, na mjukuu anahitaji mtu wa kukaa naye mwezi mzima. Chumba cha wageni kina kitanda kimoja, cha kutosha wawili wembamba. Binti yangu ameshapanga begi, anakwenda kesho. Hakutuuliza. Anasema sisi wazee tupumzike.

Tumempumzisha yeye. Mimi na Bi Simu tumetoka leo asubuhi, yeye akiwa bafuni, anaimba. Tuko ndani ya treni, nina dirisha, naandika kwenye goti. Simu nimemwambia Bi Simu aiache nyumbani, binti yangu asije akatupigia kuturudisha. Mkwe ametuona tukipita na mabegi. Hakubisha.

Stesheni kulikuwa na treni mbili. Bi Simu alitaka tuulize kwenye dirisha la tiketi. Nimemkataza, kuuliza ni kwa watu wasio na akili zao. Nimechagua yenye viti safi.

Ameuliza mara tatu kama ni hii. Nimemwambia reli haina kona ya kumpotezea mtu, wewe kula karanga. Tumekwishagawana mtoto: asubuhi wangu, jioni wake, mchana tutapigania.

Mkagua tiketi amefika kwetu. Amezisoma tiketi. Amezigeuza, amezisoma tena. Ametazama nje, ametutazama sisi, amemwita mwenzake. Sasa wanazisoma wawili.

Wanaume wanapenda kuona mabibi wanaosafiri wakiwa na furaha. Tumewasogezea mabegi wakae.