Jezi ya Mheshimiwa Waziri

Wizara ya Michezo, Furaha na Makofi iliutangazia umma, mbele ya vipaza sauti vingi kuliko waandishi waliofika, kwamba ubingwa wa mpira wa kikapu wa msimu huu umekwisha kupatikana, na kwamba kilichobaki ni timu kwenda kuucheza.

Tangazo hilo liliandikwa na Mratibu Mkuu wa Itifaki. Alikuwa mtu wa tai iliyokazwa mpaka shingo inaomba msaada, na katika maisha yake yote ya utumishi hakuwahi kukosea jambo moja: nani aingie mlangoni kwanza. Wizarani wengine walijua michezo, wengine walijua sheria, wachache walijua kazi. Yeye alijua milango. Ndiye aliyetunga Mwongozo wa Kutangulia, unaoagiza kwamba popote alipo Waziri, hakuna mtumishi atakayeingia, kukaa, kunywa wala kupiga chafya kabla yake. Watu waliucheka chinichini, lakini chafya walizizuia.

Timu yenyewe iliitwa Mwewe. Ilikuwa timu ya kulipwa, mali ya wizara, ingawa wizara ilikuwa imelisahau jambo hilo. Wachezaji walifanya mazoezi kwenye ukumbi wenye paa linalovuja. Walitega ndoo kila maji yalipodondokea, kisha wakajifunza kudunda mpira katikati ya ndoo. Ikaonekana kwamba mtu aliyezoea kukwepa ndoo hapati shida kumkwepa binadamu. Wakashinda mechi ya kwanza, wakashinda iliyofuata, na msimu ulipofika katikati walikuwa hawajafungwa hata mara moja. Magazeti yakaanza kuandika, na wizara ikakumbuka kuwa ina mtoto.

Nahodha wao walimwita Ngazi kwa sababu ya urefu wake. Ndiye pia aliyekuwa kocha, kwa kuwa kocha aliyeajiriwa alikwenda likizo ya ugonjwa akapona akiwa na kazi nyingine. Ngazi alikuwa mdogo wake mke wa Mratibu. Alicheza tangu ujana bila kushika kombe lolote, na sasa goti lake la kushoto lilikuwa likilia kama mlango wa stoo. Daktari alikwisha kumwambia kwamba msimu huu ndio wa mwisho. Alitaka kitu kimoja tu: avikwe medali ya ubingwa mama yake akiwa bado anaona. Mama huyo alikuwa akiishi kwa Mratibu, chumba cha nyuma, na macho yake yalikuwa yakififia kila kukicha.

Mwewe walipoingia fainali, iliundwa Kamati ya Kuupokea Ushindi. Wajumbe walikuwa sita: Waziri, Katibu Mkuu, Msemaji, wakurugenzi wawili ambao hakuna aliyejua wanaongoza nini, na Mratibu. Kikao cha kwanza kilijadili upana wa zulia. Cha pili kikakumbana na tatizo lenyewe.

"Mheshimiwa," Mratibu alisema, "Shirikisho linawavisha medali wachezaji kumi na wawili waliosajiliwa kwa fainali. Basi. Kocha hapewi, na mgeni rasmi hapewi."

Waziri akaweka kikombe chini. Wajumbe wote wakaweka vikombe chini.

"Yaani nisimame pale mbele ya taifa zima, vijana wamevaa dhahabu, mimi nimevaa tai?"

"Hilo ndilo tunalotaka kuliepuka, Mheshimiwa."

"Tunaliepukaje?"

Mratibu alisubiri Waziri akohoe, kisha naye akakohoa. "Mheshimiwa asajiliwe."

"Kama nani?"

"Kama mchezaji. Ni jina tu. Utakaa benchi, kiti cha mbele. Benchi hakuna anayecheza."

Wazo hilo lilipokelewa kwa makofi, na Katibu Mkuu akaongeza kwamba si heshima Waziri kukaa benchi peke yake kama mtu anayesubiri zamu hospitalini. Kamati nzima ikaamua kumsindikiza. Mchezaji wa kulipwa husajiliwa kwa mkataba, na mkataba wa Mwewe ulikuwa wa misimu miwili. Waziri aliusaini bila kuusoma, maana kusoma ilikuwa kazi ya wasaidizi wake, na wasaidizi wake walisoma kitu pale tu kilipokwisha kusainiwa. Wengine wakafuata kwa ngazi za vyeo. Wachezaji sita wakaondolewa kikosini ili kukiimarisha. Wa sita alikuwa Ngazi, na aliyechukua nafasi yake alikuwa Mratibu mwenyewe.

Habari hiyo aliitoa nyumbani wakati wa chakula, akitumaini kwamba mdomo uliojaa haubishani.

"Shemeji, hongera, umepandishwa. Sasa utakuwa kocha tu, kocha kamili. Mambo ya kuhangaika na jezi yamekwisha."

Ngazi alitafuna, akameza. "Jezi yangu anavaa nani?"

"Imechukuliwa na wizara."

"Wizara ina shingo? Anavaa nani?"

Mratibu akakitazama kitambaa cha meza. "Mtumishi mmoja."

Mkewe, aliyekuwa akipakua, akausimamisha mwiko hewani. "Baba watoto. Huyo mtumishi mmoja anakula hapa?"

Mratibu akakinyoosha kitambaa cha meza.

"Ni suala la itifaki, mama watoto. Huwezi kulielewa."

"Nalielewa vizuri sana. Mdogo wangu amecheza mpaka goti limekuwa bawaba. Wewe hata basi hujawahi kulikimbilia. Halafu medali uvae wewe!" Akaichukua sahani ya mumewe ikiwa bado na chakula, akaondoka nayo kwenda jikoni.

Kutoka chumba cha nyuma sauti ya mama mkwe ikauliza medali imekuwaje. Ngazi akamjibu kwamba haijawa kitu bado, mama, apumzike. Kisha akamgeukia shemeji yake bila hasira yoyote.

"Lakini kupanga nani aingie uwanjani ni kazi ya kocha, sivyo?"

"Ni kazi yako peke yako, shemeji. Hakuna atakayekuingilia."

Mratibu aliona aibu, tena aibu ya kweli. Lakini ratiba ya wiki hiyo ilikuwa imejaa, kwa hiyo akaiahirisha.

Siku ya fainali ukumbi ulifurika. Kamati iliingia kwa mstari wa vyeo, jezi zimevaliwa juu ya shati na tai, zimekaza matumbo kama mito iliyofungwa kamba. Wapinzani waliitwa Vifaru, watu wenye mabega mapana kama makabati. Walidhani hawa ni wachekeshaji waliokodiwa kuwachangamsha watazamaji, wakawapigia makofi. Waziri akawapungia mkono.

Wachezaji sita wa kweli walicheza bila kupumzika, na waliongoza. Ila mtu akichoka hakabi tena kwa miguu, hukaba kwa mikono, na mikono ndiyo faulo. Robo ya mwisho mmoja akafikisha faulo tano, akatolewa. Kitambo kidogo wa pili akamfuata. Uwanjani wakabaki wanne.

Refa, mwanamke mfupi mwenye filimbi ya kibosi, akaja mpaka kwenye benchi. "Kocha, mtu wa tano."

"Wanne wanatosha," Mratibu akadakia.

"Hawatoshi. Watu wamekaa hapa na jezi zao, halafu mcheze wanne? Mtu wa tano aingie, au kombe nawapa Vifaru sasa hivi."

Ngazi aliigeukia kamati. Kamati iliitazama dari, ambayo kwa kweli ilikuwa dari nzuri.

Waziri akamnyooshea Mratibu kidole. "Ingia wewe. Bado una damu ya ujana."

Mratibu alisimama, kisha akakaa. Katika mambo madogo alikuwa mwongo kama watu wengine, lakini Mwongozo wa Kutangulia ulikuwa kitu alichokiamini kwa moyo wake wote. "Siwezi kukutangulia, Mheshimiwa."

"Nimekuruhusu."

"Mwongozo hauna ruhusa. Nilikuwa nimeiweka, ukasema niitoe. Ulisema italeta mazoea."

Katibu Mkuu akathibitisha kwamba kumbukumbu yake ni hiyo hiyo. Msemaji akasema hana la kuongeza. Wale wakurugenzi wawili wakatikisa vichwa kwa pamoja kukubali, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonekana wakifanya kazi.

"Mzee," Ngazi akasema, "vua tai."

Waziri akaingia uwanjani. Ukumbi ulilipuka kwa kelele ambazo kesho yake Msemaji angeziita za mapenzi. Na pale, mbele ya umati, Ngazi akamwamrisha kwa sauti kuu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfanyia tangu ateuliwe. "Kaa chini ya kikapu chetu! Mikono juu! Usifanye chochote!"

Lakini mpira haujui vyeo, ukamfikia. Aliupokea kwa mikono miwili, akawageukia wapiga picha, akatabasamu. Refa akapuliza filimbi: ameushikilia mno. Vifaru wakauchukua, wakafunga. Wakarudi tena, wakapitia upande wa Waziri kama watu wanaopita kwenye geti lisilo na mlinzi, wakafunga tena. Uongozi wa Mwewe ukamomonyoka hadi ikabaki pointi moja. Mratibu alijikuta ameshika kichwa, akimwombea shemeji yake, akisahau kabisa kwamba medali ni ya kwake.

Kwenye viti vya watazamaji, mkewe alikuwa akimsimulia mama yake mchezo sikioni.

"Yule mnene kafanya nini sasa?" mama akauliza.

"Kasimama, mama."

"Bado?"

"Bado."

Muda ulikuwa umebaki kiduchu pale mshambuliaji mkubwa wa Vifaru alipounyakua mpira na kuja mbio moja kwa moja. Waziri akamwona. Mtu mwingine angemkimbia, mwingine angejaribu kumzuia. Waziri alifanya vile alivyofanya siku zote jambo kubwa lilipomjia ofisini: alisimama pale pale, akanyamaza, akangoja lipite.

Halikupita. Lilimgonga kifuani, wakaanguka wote wawili, na mpira ukaingia kikapuni. Vifaru wakarukiana mabegani kwa furaha. Ndipo filimbi ikalia. Kikapu hakihesabiwi, refa akaonyesha kwa mkono. Faulo ni ya mshambuliaji, maana mlinzi alikuwa amesimama tuli bila kufanya lolote, na sheria ya mchezo inamlinda mtu wa namna hiyo. Mpira ukarudi kwa Mwewe, muda ukaisha. Uzoefu wote wa Mheshimiwa kazini ulikuwa umeleta ubingwa.

Medali zilivishwa kwa utaratibu wa itifaki, Waziri wa kwanza, akiwa kwenye machela. Ngazi alisimama pembeni akiwapigia makofi vijana wake, na hakuna aliyemvisha kitu. Zamu ya Mratibu ilipofika, aliinua macho kutafuta familia yake. Mkewe hakuwa anapiga makofi. Mama mkwe alikuwa akimvuta mkono bintiye na kuuliza, na hata kwa mbali Mratibu alilisoma swali hilo midomoni mwake: ameshavishwa mwanangu? Ile aibu aliyoiahirisha ikaja yote kwa pamoja, na haikungoja miadi.

Jioni hiyo alibisha hodi chumba cha nyuma, akamkuta Ngazi amekaa na mama yake. Hakutoa hotuba. Alivua medali, akamvisha shemeji yake, akasogea pembeni. Mama akaipapasa kwa vidole, akaileta karibu na macho, akaipapasa tena, na machozi yakamtoka.

"Nzito," akasema.

"Nzito, mama," Ngazi akajibu.

Mratibu alitoka akaenda kujificha jikoni, akalia kidogo huku akijisikia mtu mwema, hali ambayo hakuwa ameizoea. Alilala vizuri.

Asubuhi, mara baada ya taarifa ya hali ya hewa, redio ikasoma tangazo kutoka Ofisi Kuu. Ofisi Kuu ilimpongeza Waziri pamoja na wenzake watano kwa ubingwa, na zaidi kwa ujasiri wao. Kwa kuwa kiongozi wa umma haruhusiwi kuwa mchezaji wa kulipwa, na kwa kuwa waheshimiwa hao wamesaini kwa hiari na kucheza mbele ya taifa zima, serikali imepokea kwa heshima uamuzi wao wa kuacha vyeo na kujitolea kwa michezo. Nafasi zao zilikuwa zimeshajazwa. Serikali inawatakia misimu miwili yenye mafanikio.

Mratibu alimkuta Ngazi akifunga kamba za viatu sebuleni.

"Shemeji, umesikia redio? Ila mimi medali nilikupa. Basi mimi si mchezaji."

"Medali umenipa, na asante sana, shemeji. Mama amelala nayo." Ngazi akasimama, goti likalia. "Mkataba ni wako. Mazoezi ni Jumatatu alfajiri."

Jumatatu mvua ilikuwa ikinyesha, na ndoo zilikuwa zimetegwa mahali pake. Katibu Mkuu wa zamani alikuwa amekwisha kuangusha ndoo mbili. Wakurugenzi wawili walikuwa wakipasiana mpira, na kumbe waliweza. Wa mwisho kufika alikuwa Waziri wa zamani, kwa miguu, kifua kimefungwa bandeji, maana gari lilikuwa limekwenda na cheo. Alisimama mlangoni kwa mazoea, akingoja watu wainuke.

"Mzee, umechelewa," Ngazi akasema. "Zunguka uwanja."

"Nizunguke mpaka lini?"

"Mpaka nichoke."

"Uchoke wewe?"

"Kukutazama."

Ngazi akavuta kiti, akakaa vizuri.