Beseni la Kukunja na Mlango Unaofungukia Ndani

Wamama, leo nimeaibika hadi nyayo. Sasa nimevaa nguo, nimenyonyesha, na bado nina hasira. Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwingine.

Mnajua mama mkwe alikuja juma lililopita kumwona mtoto wetu, Nyambura, aliyepewa jina lake. Alikuwa arudi kwake Mukurweini leo jioni, kwa sharti moja tu: aone kwamba nyumba na mtoto naviweza. Asiporidhika, anakaa. Nampenda. Lakini anaamka saa kumi na moja alfajiri kupanga upya vijiko vyangu.

Leo wanawake wa kikundi chake walikuwa waje kumwona mtoto. Walisema saa sita. Mimi najua saa sita ya kikundi ni saa nane. Njahi ya kuwalisha wageni ilikuwa imeiva, sakafu nimepangusa, mtoto ameshiba amelala. Ilipofika saa nne nikaona nina muda wa kuoga kama binadamu.

Bafu letu ni la shawa tu. Ukijigeuza, kiwiko kinagonga choo. Lakini nilikuwa nimeagiza beseni la kukunja, lile unaloketi ndani maji yakufike kifuani (mgongo wangu tangu nijifungue ni wa mtu aliyebeba gunia la majani chai). Mama mkwe alinitazama nikilitoa kwenye mfuko.

"Hii ni ya kuosha ng'ombe?"

"Ni ya kukaa, Maitu. Unaloweka mwili."

"Ati kuloweka. Kwani wewe ni maharagwe?"

Nikamwachia mtoto, nikaingia. Baridi ya Nyeri mnaijua, kwa hivyo nilifunga mlango kwanza ili joto lisitoke. Kisha nikalifungua beseni mahali pekee palipolitosha, nyuma ya mlango. Mlango wenyewe hufungukia ndani. (Ndiyo. Nyinyi mmeshaona. Mimi sikuona.)

Shawa yetu ya umeme hutoa maji kama mbuzi anayekojoa, kwa hivyo kujaza kulichukua nusu saa. Nikaingia. Kwa dakika kumi nilikuwa malkia.

Ndipo nikasikia sauti sebuleni. Nyingi. Kikundi kilikuwa kimepata lifti ya pikapu ya maziwa, na maziwa hayachelewi. Mtoto akaamka, akaanza kulia. Mama mkwe akabisha.

"Mama Nyambura, wageni wamefika na mtoto anataka kunyonya. Toka."

"Natoka."

Nikavuta mlango. Ukasogea upana wa kidole. Nikalisukuma beseni. Lilitulia kama ng'ombe aliyekataa kuinuka.

"Si utoke?"

"Mlango umekataa, Maitu."

"Umefungiwa na nani?"

"Na maji."

Nikamsikia akiwaeleza wageni, "Ati amefungiwa na maji."

Sikubabaika. Nilishika kikombe cha miswaki nikaanza kuchota na kumwaga chooni. Kwa hesabu yangu ningemaliza kabla ya chai kumiminwa. Lakini Nyambura alizidisha kilio, maziwa yakaanza kunitoka yenyewe, nikang'oa kizibo cha beseni. Kizibo kiko upande wa mlango. Tundu la kutolea maji sakafuni liko upande ule mwingine. Maji yakapita chini ya mlango, yakaenda kusalimia wageni.

"Viatu, viatu," mtu akasema.

"Huyo atazama," akasema mwingine. "Sukumeni mlango."

"Msisukume, sija—"

Hawa ni watu wanaovuta ndama kutoka tumboni mwa ng'ombe. Walisukuma mara moja. Beseni likakunjika (si tuliambiwa ni la kukunja), ukuta wake ukalala, na mimi nikatoka na maji yote yaliyobaki, makalio mbele, nikateleza hadi miguuni mwa wanawake sita. Nilikuwa nimevaa kofia ya kuogea. Basi. Hiyo tu.

Yule mzee kuliko wote, cucu mmoja mwenye fimbo, akainama akanikagua vizuri, akainua kichwa, akapiga ngemi, vile vigelegele vya uzazi. Moja. Mbili. Tatu. Akanyamaza hapo. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa hupigiwa tano, wa kike tatu.

"Ni kasichana," akawatangazia. "Kakubwa, lakini ni kasichana."

Walicheka hadi wengine wakakaa kwenye maji.

Mama mkwe hakucheka. Alinifunika leso yake, akaniwekea Nyambura kifuani palepale sakafuni, kisha akachukua tambara la kupangusa.

"Leo sirudi," akasema. "Nakaa hadi mtoto atembee."

"Yupi?" cucu akauliza.

Beseni nimelianika kwenye kamba na halina kosa lolote. Kosa ni la fundi aliyeweka mlango ule. Atakayecheka hapa namtoa kwenye kundi, na mnajua admin ni mimi.