Hema Jeupe la Kerege

Leo nimeaibika. Tena nimeaibika nikiwa nimevaa helmeti, na haikusaidia kitu.

Nianze mwanzo, asije mtu akawasimulieni vibaya. Mnaonifahamu mnajua nina duka la dawa hapa Bagamoyo, na wikiendi huwa nashiriki mbio za magari za klabu yetu kwa Starlet yangu, ambayo ni ya zamani kuliko ndoa yangu. Sishindi. Nilikuwa sijawahi hata kumaliza. Mara ya kwanza tairi la mbele lilichomoka likatangulia peke yake (lilikwenda vizuri, nasema ukweli). Mara ya pili niliingia kwenye dimbwi, injini ikanywa maji, nikavutwa na trekta la mkulima wa mananasi mpaka kwenye lami.

Baada ya hapo baba mkwe wangu, Mzee Salum, ambaye ndiye aliyetupatia hilo gari, akaniita sebuleni. Hana makelele yule mzee. Alisema tu kwamba amenivumilia vya kutosha, ila nisipomaliza na safari hii, gari litarudi kubeba maboksi ya dukani kwake. Na atakuja mwenyewe kusimama pale mwisho wa mbio, aone kwa macho yake. Nikamjibu, "Njoo baba, utaniona nikifika." (Kwa nini mdomo wangu hauna breki, sijui.)

Jana Jumamosi, siku ya kwanza kati ya mbili za mbio, mvua ilianza asubuhi na haikupumzika. Njia zote za udongo huko ndani ya Kerege zikawa uji. Magari yalikuwa yanakwenda ubavu ubavu kama kaa. Wenye magari makali waliyaacha humo humo njiani. Mimi nilikwenda mwendo wa bibi anayetoka sokoni na mayai, lakini sehemu ya jana niliimaliza. Jioni mume wangu, Haji, akaniuliza kama kweli nina haja ya kurudi kesho yake na mvua yote ile. Nikamwambia aanike ovaroli langu nyuma ya friji likauke.

Leo nikarudi. Msoma ramani wangu ni wifi yangu Zuhura, dada yake Haji. Kazi yake ni kukaa pembeni yangu na karatasi za njia na kuniambia kona inayokuja inaelekea wapi. Kukiwa kukavu anaifanya vizuri sana. Leo dirisha la upande wake liligoma kupanda, karatasi zikalowa, wino ukatawanyika. Kioo cha mbele nacho kikajaa ukungu wa pumzi zetu. Nikawa nakifuta kwa mtandio wake, naye anasoma kwa kubahatisha.

Kabla hatujaondoka, wasimamizi walitueleza kwamba mwisho ni kiwanjani, penye hema jeupe na watu wengi. Hilo nililishika vizuri. Hilo ndilo lililoniponza.

Kwenye njia panda moja palitakiwa pawe na utepe, na msimamizi mwenye bendera wa kutuzuia tusitoke nje ya njia ya mbio. Utepe ulikuwa umeangushwa na upepo. Msimamizi alikuwa amejibanza kwenye kibanda cha chipsi (simlaumu, ile ilikuwa mvua kweli). Zuhura akasema kulia. Halafu akasema labda kushoto. Mimi nikaona taa nyekundu za gari kwa mbali, upande wa kushoto, nikazifuata.

Sijui kama mnaielewa furaha ya kulikaribia gari la mbele, kwa mtu ambaye siku zote huyaona yakipotea. Hili lilikuwa halipotei. Kila nikikanyaga mafuta linasogea karibu. Tena limewasha indiketa zote mbili. Nikajua huyu ameharibikiwa.

"Wifi," Zuhura akasema taratibu, "hilo gari lina maua."

"Hayo ni matangazo ya mdhamini," nikamjibu.

"Na riboni?"

"Soma njia."

Dereva akanipisha kwa heshima zote. Mbele yake kulikuwa na jingine, nalo likanipisha. Nikasema sasa watu wameanza kunitambua. Nilipokata kona, nikaliona hema jeupe. Watu wamejaa, wengi wao wanawake, na waliponiona tu, vigelegele. Matarumbeta yakaanza. Machozi yalinitoka, siwafichi. Nikasema klabu yetu mwaka huu imejipanga.

Nikasimamisha gari mbele ya hema (lilisimama lenyewe, kwa kuteleza), nikashuka na helmeti yangu na ovaroli langu, nikanyanyua mikono yote miwili juu. Vigelegele vikazidi. Mama mmoja akanirushia maua ya waridi. Mwingine akaninyunyizia marashi, yakapenya kwenye helmeti mpaka machoni. Wa tatu akanivisha shada la asmini shingoni. Nikapunga mkono. Nikageukia upande wa pili, nikapunga na huko. Zuhura hakushuka. Alikuwa amejifunika uso kwa karatasi za njia.

Ndipo nikavua helmeti ili niseme maneno machache ya shukrani.

Tarumbeta moja lilikata pumzi katikati. Vigelegele vikanyamaza. Ikabaki sauti ya mvua juu ya turubai. Bibi mmoja mzee, aliyekaa kiti cha mbele, akanitazama kuanzia ushungi mpaka viatu, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia:

"Bwana harusi ni mwanamke."

Nyuma yangu yale magari mawili niliyoyapita yakawa yanaingia. Kwenye moja akashuka kijana mwenye kanzu nyeupe na joho, kiatu kimoja kimezama topeni, kilemba amekishikilia kwa mkono kisianguke. Akanikuta nimesimama kwenye zulia lake, nimevaa maua yake.

"Dada," akasema, "naomba nipite."

Nikampisha. (Huyo ndiye pekee niliyempisha kwa hiari siku nzima.)

Nikadhani aibu imeishia hapo. Kumbe. Yule bibi akaniuliza kama mimi si yule wa duka la dawa la Bagamoyo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akawageukia wenzake akawaeleza kwamba huyu ndiye anayewagombeza kila siku wamalize dozi, wasiachie katikati. Nikajieleza, kwa kifupi, kwamba niko kwenye mbio, nimepotea njia, na bado sijamaliza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hapa umesimama unafanya nini?" akasema. "Kamalize dozi yako."

Nikarudi kwenye gari. Magurudumu yakazunguka, gari halisogei. Wakaja akina mama wa harusi, wamefunga kanga juu ya nguo zao za sherehe, wakasukuma. Nilipokanyaga mafuta, tope lote likawarukia wao. Niliwaona kwenye kioo, huwezi tena kujua nani alivaa nini. Sikusimama. (Nitakwenda kuwaomba radhi. Si kesho.)

Kanuni inaruhusu urudi pale ulipoiacha njia uendelee, mradi ufike kabla hawajafunga. Tulipofika njia panda, msimamizi alikuwa ametoka kibandani. Akatuonesha kulia kwa bendera bila kututazama usoni. Zuhura akazitupa karatasi kiti cha nyuma, akasema ataangalia kwa macho yake mwenyewe. Kuanzia hapo tulisemezana maneno matatu tu: kulia, kushoto, dimbwi. Nikagonga kichuguu, kioo cha pembeni kikabaki huko. Mikono inaniuma, asmini inaning'inia, lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba kule mwisho nitafika, hata kama ni kwa kusukuma.

Kiwanjani, hema lenyewe lilikuwa limeshushwa nusu. Watu wameondoka. Amebaki mtunza muda na saa yake, Haji amejikunyata kwenye gari, na Mzee Salum amesimama, amemfunika mtunza muda kwa mwavuli, yeye mwenyewe analowa. Haji aliniambia baadaye kwamba yule mtu alitaka kufunga mapema kwa sababu ya mvua. Baba akamwambia kwa upole kwamba mkwewe bado yuko njiani na muda haujaisha, kisha akakaa naye hapo hapo.

Nikavuka. Muda ulikuwa bado, kidogo sana. Nilikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza, na waliomaliza wasingejaza benchi.

Safari hii nilishuka na mikono chini. Baba mkwe akalizunguka gari, akapagusa mahali kioo kilipokuwa, halafu akanitazama shingoni.

"Mwanangu, maua hayo umepewa na nani?"

Zuhura akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye tope. Ikabidi nieleze yote, na mtunza muda anasikiliza. Baba hakucheka. Alijifuta maji usoni, akasema gari libaki kwangu. Kisha akaenda nyuma ya hema peke yake, nikaona mabega yake yanatikisika.

Sasa nimeoga, nina chai ya tangawizi mkononi, na simu haitulii. Kumbe mpiga video wa ile harusi alikuwa kazini tangu nilipokata kona. Basi mkiletewa chekeni tu, siwakatazi. Ila kabla hamjaituma kwa mwingine, andikeni chini yake kwamba nilimaliza.