Barua Nilizozitia Sukari

Jumatatu, 4 Agosti
Mkono wa Mama uko kwenye plasta. Nimekuwa mkono wake! Yeye ni mkalimani wa mazungumzo ya mafuta. Serikali imetaifisha visima, kampuni ya wageni imeondoa wahandisi wake, kiwanda kimezimwa. Pande mbili hazitaki kukaa chumba kimoja. Zimepanga ghorofa moja ya hoteli, milango inatazamana, na zinaandikiana barua! Mama anatafsiri, mimi napiga chapa. Raha yangu. Karatasi haikuangalii usoni.
Baba ni fundi wa kiwanda hicho. Mwezi wa nne huu yuko nyumbani. Leo kasema mazungumzo yakivunjika, anakwenda kutafuta kazi ng'ambo. Kasema huku akikaza bomba lisilovuja. Nikampa spana nyingine. Mimi huwa sisemi kitu.

Jumanne, 5 Agosti
Mama kaitwa kwa msuluhishi kutwa nzima. Kaniachia barua nitafsiri mwenyewe, eti lugha mbili za shule sasa zifanye kazi. Ya kwanza, ya Katibu wa Wizara: kampuni ni wezi waliovaa tai. Wakisoma hivyo wanaondoka, na Baba anaondoka! Nikaandika: tunathamini mchango wenu. Jibu la mkuu wa kampuni (namwita Kikohozi, hukohoa akikasirika): serikali hii haiwezi kuendesha hata baiskeli. Nikaandika: tunaamini uwezo wenu. Mbona rahisi! Watu wazima wanahangaika bure.
Karani wa kumbukumbu, Nukta, kaniuliza kwa nini tafsiri ni fupi kuliko barua yenyewe. Nikamjibu lugha ile ina maneno mapana. Ana wivu tu.

Jumatano, 6 Agosti
Mama bado yuko kwa msuluhishi, barua bado ni zangu. Balaa! Katibu kuona kampuni imenyenyekea, kaongeza madai. Anataka na meli zao za mafuta! Kikohozi naye kaona serikali imelegea, anataka visima vyote, tena aombwe radhi. Upole wangu umewavimbisha vichwa. Dawa: kuongeza upole. Nikamwandikia Katibu kwamba kampuni inalitafakari kwa furaha suala la meli. Nikamwandikia Kikohozi kwamba radhi iko njiani.
Nyumbani Baba anajifunza salamu za huko aendako. Kaniomba nimsahihishe. Matamshi mabaya kupindukia. Nikamwambia ni mazuri, halafu nikaenda kulia bafuni.

Alhamisi, 7 Agosti
Wamekubali kuonana! Ana kwa ana! Kwa barua zangu! Nikakaa nyuma ya Mama, nimejaa kiburi hadi masikioni.
Katibu kauliza meli zinakabidhiwa lini. Mama katafsiri neno kwa neno, hajui namna nyingine. Kikohozi kauliza meli gani, na radhi yake iko wapi. Kisha kikohozi, kirefu. Nukta akafungua faili taratibu, kama mtu anayefungua zawadi, akasoma barua zenyewe. Wezi! Baiskeli! Macho yote kwangu. Nilitamani zulia linimeze.
Katibu akataka kujua huyu mtoto wa nani. Mama akasema ni wake. Kwa lugha zote mbili.

Ijumaa, 8 Agosti
Hawakuondoka! Wametukanana asubuhi nzima uso kwa uso, wakachoka, wakakubaliana jambo lao la kwanza: barua basi, na mimi basi. Jumatatu wanaanza upya, meza moja. Baba kasema atasubiri wiki moja. Moja tu, nisimwangalie hivyo.
Mama hanisemeshi, isipokuwa kuniagiza niandike barua mbili za kuomba radhi, kila upande yake, ukweli mtupu, bila hata chembe ya sukari. Nimeandika. Ukweli mtupu. Ila kwa Katibu nimeongeza kwamba Kikohozi alitoka akisifu ukarimu wake, na kwa Kikohozi kwamba Katibu anaulizia sana hali ya kifua chake. Sentensi moja moja tu. Zitasaidia.